Ombi la Kuahirisha Ugomvi wa Radi Tamu na Bibi Harusi Hadi Nitakapothibitishwa Kazini

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Burudani,

Kwa heshima kubwa, na baada ya kuhakikisha kwamba hakuna aliyesimama nyuma ya kiti changu, naomba kukuandikia. Mimi ni karani katika ofisi ya maji, Kitengo cha Maunganisho Mapya. Napokea maombi ya watu wanaotaka kuvutiwa bomba hadi nyumbani, nayapanga kwenye majalada, kisha nayapeleka kwa mkuu wa kitengo ayasaini. Sina ugomvi na gazeti lako. Sina ugomvi na mtu yeyote, na ningependa hali ibaki hivyo.

Hata hivyo, tangu yule mwimbaji mnayemwita Radi Tamu aachwe na yule mwigizaji mnayemwita Bibi Harusi, kwa kuwa hakuna filamu anayoimaliza bila kuolewa, mimi sina raha. Watu hawa siwajui na hawanijui. Lakini barua yangu ya kuthibitishwa kazini inasubiri saini, muda wangu wa majaribio unaisha Ijumaa hii, na bila saini hiyo narudi nyumbani, ambako mama yangu ameshawatangazia majirani wote kwamba mimi ni mwajiriwa wa kudumu. Ameshatundika sebuleni picha yangu nikiwa na tai. Kwa hiyo naomba unisikilize.

1. Wasanii hawa huachana siku za kazi.

Mkuu wetu, mama mmoja mchapakazi ambaye ofisi nzima tunamwita Mama, ana utaratibu wake. Akifika, anasoma ukurasa wako kwanza. Akimaliza ndipo anafungua kalamu ya wino wa kijani na kusaini kila kilicho mezani, mfululizo, bila kuinua kichwa. Ukurasa ukiwa na habari njema, hata majalada yenye kasoro yanapita. Ukiwa na habari mbaya, anarudisha kifuniko cha kalamu na kusema, "Leo mkono umekataa." Ndugu Mhariri, wiki hii mkono umekataa Jumatatu na Jumanne. Ninyi mnaandika "mapenzi yaingia doa" na kwenda kunywa chai. Huku kwetu bomba halichimbiwi.

2. Ofisi imegawanyika, na meza yangu iko katikati.

Uhasibu wako upande wa Radi Tamu. Masijala wako upande wa Bibi Harusi. Hawasemeshani. Jalada likitoka masijala kwenda uhasibu, linawekwa mezani kwangu bila neno, nami nalisukuma kwa upande wa pili kama mtu anayelisha simba wawili kwa zamu. Mhasibu aliponiuliza, "Mdogo wangu, wewe uko kwa nani?" nilimjibu kwa adabu kwamba niko Maunganisho Mapya. "Huyu ni mpelelezi," akamwambia mwenzake, na tangu siku hiyo wakiniona wanaongea kuhusu mvua.

3. Nimemwomba radhi mtu ambaye sikuwa nimemkosea, tena nyumbani kwake.

Hili ndilo linalonikosesha usingizi, nami nalieleza ukweli wake wote. Jumatatu niliingia kazini nikamkuta Mama amejifunga kitambaa cheusi kichwani, macho mekundu. Dada wa mapokezi alikuwa amemshika mkono. "Jikaze, Mama. Atarudi tu," alimwambia. Mama akatikisa kichwa. "Harudi. Amebeba kila kitu. Amebeba mpaka mapazia!" Tarishi, mtu mzima mwenye wajukuu, akavua kofia.

Mimi nimelelewa kwamba mkubwa wako akipatwa na jambo la kifamilia, hukai umekunja mikono. Mchana, badala ya kula, nilikaza tai nikaenda nyumbani kwa Mama nikiwa na matumaini ya kupata anwani ya mumewe, nimfuate huko alikokimbilia. Mlango ulifunguliwa na mume mwenyewe, povu la sabuni limejaa kidevuni, wembe mkononi.

Nilimpa shikamoo, nikamwambia kwamba sisi wa kitengo tunampenda Mama, kwamba kila ndoa ina mitihani, na kwamba, ikiwa kuna neno lolote sisi wafanyakazi tulilosema likamuudhi, namwomba radhi kwa niaba ya wote. Nikamsihi arudi nyumbani.

"Nirudi nyumbani wapi tena, kijana?" akaniuliza. "Hapa si ndipo?"

Hapo nilitupa jicho dirishani, nikaona mapazia yapo. Nikaelewa kwamba ameshajirudi mwenyewe. Nikampongeza. Nikamwambia ni wanaume wachache wenye moyo wa kurudi na mapazia yote, tena yakiwa yamepigwa pasi.

Bwana yule aliweka wembe chini, akachukua simu. Nilimsikia akisema, "Mke wangu, kuna kijana wako hapa mwenye tai. Anasema nimekuacha. Hebu niambie, nimekuacha lini? Nilikuwa bafuni."

Niliporudi ofisini nilikuwa nimejiandaa kufokewa kwa kumwaibisha mkuu wangu mbele ya mumewe. Mama hakuligusa hilo kabisa. Alinisimamisha mbele ya meza yake, akavua miwani, akauliza kwa sauti ya mtu aliyeumizwa, "Kwa hiyo wewe mpaka mchana huu hukuwa unajua kwamba Radi Tamu ameachwa? Mwanangu, unaishi wapi?" Kisha akaichukua barua yangu ya kuthibitishwa kutoka juu ya rundo, akaiweka chini kabisa.

4. Nimelazimika kusoma.

Ili kuokoa kibarua changu, nimeyachukua magazeti yako yote ya zamani kwa tarishi, nami nayasoma kama nilivyokuwa nikijiandaa kwa mitihani. Nina kalamu nyekundu kwa ajili ya Radi Tamu na ya bluu kwa ajili ya Bibi Harusi. Najua walikutana wapi, nani aliacha nyama kwa ajili ya nani, na mbwa amebaki kwa nani. Kichwa changu kilikuwa na nafasi ya kanuni za maji. Nafasi hiyo sasa imekaliwa na mbwa.

5. Umma unateseka.

Kuna mwoka mikate mtaa wa nyuma ambaye ombi lake la bomba lilifika mezani asubuhi ileile Bibi Harusi alipohama. Mpaka sasa anateka maji kwa ndoo kwa jirani, na jirani ameanza kudai mikate. Jana alikuja dirishani kwangu. Hakuniuliza jalada lake limefika wapi. Alinong'ona, "Wamepatana?" Nilipotikisa kichwa, aliegemea ukuta. Mwingine, fundi cherehani, ameambatanisha kwenye fomu yake picha kutoka gazetini kwako ya wawili hao wakicheka ufukweni, akidhani itasaidia. Nami, Ndugu Mhariri, nasikitika kukiri kwamba nimeiacha humo jaladani, kwa kuwa nadhani itasaidia.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo. Kwanza, ugomvi wowote wa wasanii uchapishwe Ijumaa jioni, ofisi zikishafungwa, ili watu wapate Jumamosi na Jumapili ya kuomboleza kwa gharama zao wenyewe. Ikiwa hilo ni gumu, basi Alhamisi hii mrudie kuchapisha habari za uchumba wao, kwa herufi kubwa, bila kutaja kwamba ni za zamani. Sioni kama huo ni uongo. Ni ukweli uliochelewa.

Ikiwa nalo haliwezekani, naomba umfikie Radi Tamu mwenyewe. Mweleze kwamba hatumlazimishi kupenda. Tunamwomba arudiane na Bibi Harusi kuanzia kesho hadi Ijumaa saa za kufunga kazi, wapigwe picha moja wakiwa wameshikana mikono, kisha kila mtu aende zake akiwa huru kabisa. Mapazia si lazima yarudi. Na endapo wote wawili watakataa, basi nashauri Serikali iangalie uwezekano wa kuwasajili wasanii wakubwa kama mitambo ya maji inavyosajiliwa, ili yeyote asiweze kumwacha mwenzake bila kutoa notisi na bila mhandisi kukagua madhara yatakayowapata walio chini ya bomba.

Natumaini sijavuka mipaka. Kama nimeivuka, naomba uone kwamba ni woga uliozidi, wala si dharau. Mimi binafsi sina upande katika jambo hili na sitegemei kuwa nao.

Nisalimie wapiga picha wako, mchapishaji, anayepanga nyota za wiki (aliniandikia "tahadhari na wageni", nami mgeni nilikuwa mimi), wauza magazeti wote, na wazazi wa pande zote mbili za wahusika. Naomba jina langu lisitajwe, wala rangi ya tai.

Wako katika majaribio,

Karani, Maunganisho Mapya

Tanbihi: Kabla sijaifunga bahasha, nimeitwa kwa Mama. Barua yangu ilikuwa imerudi juu ya rundo na kalamu ya kijani imefunguliwa. Alikuwa mpole. Aliniambia, "Naambiwa siku hizi unasoma. Vizuri. Haya niambie, mwanangu, si Bibi Harusi atamrudia tu Radi Tamu?" Nilitakiwa kuitikia "Ndiyo, Mama," nichukue saini yangu niondoke. Badala yake nilijisikia nikisema kwamba asimrudie hata kidogo. Nikasema wimbo ambao Radi Tamu alimwimbia Bibi Harusi siku ya kumchumbia ndio huohuo anaomwimbia sasa mcheza shoo wake mmoja, kwenye maneno amebadilisha rangi ya gauni tu, na kwamba mwanamke aliyeacha kazi kumuuguza mwimbaji koo hastahili kuyasoma hayo gazetini kama sisi wengine. Mama aliniambia niyafute maneno yangu. Nilikataa. Tumebishana hadi mlinzi amekuja kufunga milango, na kalamu imerudishiwa kifuniko.

Kwa hiyo tafadhali puuza yote niliyoandika hapo juu. Usiahirishe kitu. Chapisha kesho asubuhi, ukurasa wa mbele, maelezo yote ya upande wa Bibi Harusi, bila kupunguza hata neno. Na kama unajua ni wapi alikohamia, mwambie alete ombi lake la maji dirishani kwangu kabla ya Ijumaa. Nitaliweka juu ya majalada yote, na nitasimama hapohapo mpaka lisainiwe.