Ngata ya Baba

Jumatatu, 11 Novemba 1974
Nesi Penina wa zahanati amekuja kumwona Baba. Tangu aanguke kutoka paani na kuvunjika nyonga, Baba ni wa kitandani. Nesi kasema ageuzwe kila baada ya saa mbili. Shuka isilowe, isiwe na mikunjo. Ngozi ikiiva na kuwa ya moto mahali pamoja, ni kidonda kinakuja, nacho hula mpaka mfupa. Akiona kidonda, atamhamishia Kashai, mjini, kwa mdogo wangu Clavery.

Clavery! Karani mwenye saa ya mkono! Na Baba keshatangaza mbele ya ukoo kwamba anayemtunza ndiye mrithi wa kibanja, yaani shamba lote. Migomba ya babu iende kwa mtu asiyejua hata kushika panga? Thubutu!

Lakini kila saa mbili? Mtu ana kazi zake. Kweli sina, ila naweza kupata wakati wowote.

Jumanne, 12 Novemba
Nimepata! Ngata. Wanawake wanabeba mitungi na vichwa haviumi. Basi ngata chini ya kalio, mfupa unaelea hewani, kugeuza kwisha. Nimeisokota mwenyewe kwa majani makavu ya mgomba. Mke wangu Joviana akasema hajaona mtu akilala na mtungi kichwani. Nikamwambia akamenye ndizi.

Jioni. Kalio la Baba lina duara. Limevimba. Joviana kaitupa ngata nje, karudi kwenye ndizi zake.

Jumatano, 13 Novemba
Nesi kapita. Kasema ngata inakaba damu pande zote, nyama ya katikati inakufa njaa. Kasema pia mengine, siyaandiki.

Sawa. Mimi si balozi wa nyumba kumi? Kidole kimoja hakivunji chawa. Nimetangaza kuwa kumgeuza Baba, Ta Ildefons kama wanavyomwita, ni kazi ya ujamaa, kwa zamu. Ili watu wavutiwe, nikaahidi rubisi, pombe yetu ya ndizi. Hapo nilikosea. Wamekuja wote jioni kwa mpigo, na kila mmoja akataka zamu yake kwanza ndipo anywe. Wakamgeuza, wakamgeuza, mpaka Baba akauliza kama yeye ni kahawa ya kuanikwa.

Rubisi ikaisha. Ujamaa nao ukaenda kulala.

Ijumaa, 15 Novemba
Joviana kaondoka alfajiri kwenda mjini kununua dawa. Kanikumbusha mara tatu nisitoke.

Senene! Panzi hao watamu wameshuka kulipopambazuka, nyasi zote zinatembea. Kijiji kizima nje na magunia. Nikamlaza Baba ubavu wa kulia, nikamwambia narudi sasa hivi.

Nimerudi jua la utosi. Gunia limejaa. Baba yuko vilevile, shuka imelowa, na nyongani pana doa jeusi, la moto. Nikabonyeza kwa kidole kama Nesi alivyotufundisha. Halikufifia, dalili kwamba kidonda kinakuja.

Niliogopa. Si kwa ajili ya kibanja, Mungu anajua. Ni mwili wa Baba yangu ule, mimi nimeuacha uoze kwa ajili ya wadudu. Nikaanguka magotini nikalia kama mtoto. Baba akageuza shingo, akaniambia, "Waitu, mwanangu Rwegasira, funga gunia kwanza. Senene wanatoka."

Jumatatu, 18 Novemba
Sijatoka nje tangu Ijumaa. Nageuza, nakausha, nalisha maharage na senene. Doa linafifia, ngozi haikupasuka. Nesi kabonyeza, kaguna, kasema tumeponea chupuchupu. Alimsifu Joviana.

Clavery naye kaja, kaangalia saa yake mara nyingi mno. Baba akatuita wote. Kibanja hakiendi Kashai, akasema. Kinabaki hapa, chini ya Joviana, mpaka wajukuu wakue. Clavery akanuna. Nikafurahi sana, mpaka nikaelewa. Mimi nimepewa kigoda kando ya kitanda, nisiondoke, kazi yangu kugeuza.

Jumatano, 20 Novemba
Kigoda hiki ni kigumu mno! Kalio linawaka moto. Joviana kanishauri niwe nainuka, nitembee kidogo. Maneno ya mtu aliyerithi.

Nimejisokotea ngata. Nene kuliko ile ya Baba, maana kosa lilikuwa wembamba. Nimeikalia tangu asubuhi. Sasa kunawaka kwa duara.

Kesho nitaweka mbili.