Rimoti ya Marehemu Baba

Jumanne, 3 Machi

Vita vimetangazwa. Kaka amepiga simu asubuhi. Anakuja Jumapili na gari kumchukua Mama, akaishi kwake moja kwa moja. Eti kwangu Mama amenyong'onyea kwa upweke, mchana kutwa yuko peke yake. Eti kwake kuna televisheni ya kuambiwa tu washa, ikawaka. Nikajibu nitafikiria. Akasema hakuniomba nifikirie, ananiarifu. Ndiye kaka yangu huyo, hajabadilika tangu tukinyang'anyana kijiko!

Nimemuuliza Mama mwenyewe. Hajakataa, hajakubali. Ataona hiyo Jumapili.

Siku tano. Zinatosha kabisa kwa mtu mwenye akili.

Mpango wenyewe huu hapa. Kanda za video za marehemu Baba, zote kumi na moja, nimezinakili kwenye kompyuta ndogo niliyoiunganisha na televisheni ya sebuleni. Tatizo ni moja: Mama na kipanya hawaivi chungu kimoja. Kila akitaka kumwona Baba, ananiita. Nikiwa bafuni, ananiita. Nikijinyoosha baada ya chakula cha mchana, ananiita. Nina hakika anaona haya kunisumbua. Lakini rimoti ya deki ya video ya Baba anaijua hata akifumba macho. Deki ilikufa zamani, rimoti bado nzima, imo kwenye nailoni ile ile aliyoivisha Baba. Basi nitaifundisha kompyuta kuitii rimoti hiyo. Mama ajitazamie mwenyewe, asimwite mtu. Kaka arudi na gari tupu!

Jumatano, 4 Machi

Nimetoroka kazini saa nane, nikamwambia mkuu wa masjala jino linauma. Nimenunua kijicho. Kidude cheusi, kidogo kuliko kifungo cha koti, kina waya wa kuchomeka kwenye kompyuta. Kazi yake ni kuona ule mwanga wa rimoti ambao sisi hatuuoni. Fundi wa duka akataka kuja kunifungia. Nimekataa. Nilikuwa nashika vitufe vya televisheni yeye hajazaliwa.

Na ni kweli. Kabla ya rimoti, rimoti ya nyumba ile ilikuwa mimi. Nilikaa sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza ya televisheni, na Baba nyuma yangu kwenye kiti chake. Ongeza. Punguza. Piga kidogo ubavuni. Nikawa naitwa Kidole, na jina nikalivaa kama cheo. Kaka alikuwa na vitabu vyake na alama zake nzuri. Mimi nilikuwa na kile kitufe cha kuzungusha, na sauti ya Baba nyuma ya shingo yangu.

Kisha ikaja deki na rimoti yake. Wote walishangilia. Mimi nilikwenda kulia nyuma ya nyumba. Nilikuwa na miaka tisa na nimeachishwa kazi. Sijawahi kumwambia mtu.

Alhamisi, 5 Machi

Kazini nimeomba siku mbili zaidi za jino. Tumeanza mafunzo. Programu inataka kila kitufe kibonyezwe, kisha kipewe jina. Nikamkalisha Mama na rimoti, mimi na kibodi magotini. Majina alitoa yeye. Hiki cha kuanza. Hiki cha kurudi. Hiki cha ngoja-kwanza, maana Baba alikibonyeza kila alipotaka kutueleza jambo ambalo tayari tulikuwa tumeliona. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Akaanza kunisimulia siku deki ilipoingia nyumbani, Baba alivyotuzuia kuigusa wiki nzima. Nikamwomba asimulie baadaye, tuna kazi.

Akarudi kwenye vitufe.

Amebonyeza, kompyuta kimya. Amebonyeza, kimya. Saa tatu nzima! Nimefuta programu, nimeirudisha, nimebadilisha mipangilio ambayo sijui ni ya nini. Nimeambulia patupu. Mama aliniomba basi nimwekee kanda moja kwa kipanya, tutazame pamoja. Nikamwambia avumilie, akizoea kuwekewa atadeka.

Ijumaa, 6 Machi

Nimemeza kiburi nikampigia fundi. Akaniambia nielekeze rimoti kwenye kamera ya simu, nibonyeze. Nikafanya. Pale kwenye pua ya rimoti taa ya zambarau ikamulika! Kumbe miaka yote ile Baba akibonyeza, kulikuwa na kitaa kinawaka na hatukukiona hata mmoja wetu. Nimekitazama kwa muda. Nimebonyeza mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Rimoti nzima, basi mgonjwa ni kijicho. Nikaanza kumtungia fundi maneno makali. Mke wangu akapita na ufagio, akauliza kwani hicho kidude kinaonaje kikiwa kimefunikwa. Akainua kile kitambaa cha kufuma cha Mama juu ya kompyuta. Kijicho kilikuwa chini yake!

Nani alikifunika? Mimi. Jumatano ile ile, ili Kaka akija asione siri yangu. Nimemwambia mke wangu nilikuwa napima kama mwanga unapenya kitambaa. Aliendelea kufagia, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Saa kumi vitufe vyote vimesajiliwa. Nimejipiga kifua sebuleni.

Jumamosi, 7 Machi

Balaa. Kompyuta inasikia kila kitu mara mbili. Mama akibonyeza ngoja-kwanza, Baba anasimama kisha anaendelea na safari. Akibonyeza cha kurudi, Baba anarudi mpaka kabla hajaoa. Nikamwelekeza Mama abonyeze kwa wepesi. Akasema kidole chake kina miaka sabini na sita, hakijui wepesi mwingine.

Kuna namba moja kwenye mipangilio inayoiambia kompyuta isubiri kidogo kati ya mbonyezo na mbonyezo. Nikaipandisha kidogo, ikakubali. Nikaipandisha sana ili nione, ikawa Mama akibonyeza leo Baba anasimama kesho. Nimeirudisha. Sasa inakwenda sawasawa.

Mchana Mama aliniita mara nne. Mara zote nilikuwa hapo hapo, nyuma ya televisheni. Nikamjibu ngoja kwanza.

Naona ameanza kukunja nguo zake na kuziweka kwenye sanduku. Moyo umenipasuka. Nimesema hapana, kesho ndiyo kesho.

Jumapili, 8 Machi

Kaka amefika saa nne, viatu vinang'aa, akaliona sanduku mlangoni, akatabasamu. Nikamwambia akae kwanza aone mambo.

Kasoro moja ndogo. Asubuhi nilikivuta kijicho nikifiche nyuma ya televisheni, shingo ya waya ikalegea. Kinafanya kazi kikishikwa kwa mkono tu, kimeinamishwa, na kichwa kimechungulia juu ya televisheni. Kaka akashauri tukiegemeze kwenye kamusi. Kamusi yake ile aliyopewa zawadi shuleni! Nikakataa. Nikachuchumaa nyuma ya televisheni, mkono juu, nikamwambia Mama abonyeze.

Kikashika! Mara ya kwanza tu! Nikasikia Baba anakohoa, kama alivyokohoa kila alipoanza hotuba. Ni ile kanda ya siku Kaka alipokwenda bweni. Watatu wale kwenye kochi, Mama, Kaka na mke wangu, wakaangua kicheko. Mimi nilikuwa naona vumbi na waya, lakini sauti ilikuwa ile ile, na ilikuwa inatoka upande wa pili wa mgongo wangu kama zamani. Nimemkumbuka yule mzee. Nimemkumbuka sana.

Mama akaniita nije kukaa. Nikamwambia nikiachia, picha itagoma. Akaniita tena. Kaka akaja mwenyewe kunishika mkono, nikamsukuma.

Kisha kwenye kanda Baba akakatiza hotuba yake. Akasema, wazi kabisa: "Kidole, achana na hizo waya. Njoo ukae hapa na sisi."

Mama akabonyeza cha kurudi. Baba akasema tena. Mama akarudisha pale pale mara ya tatu. Baba akasema tena, njoo ukae.

Kitufe cha kurudi kinafanya kazi barabara. Hakirukishi hata sekunde.

Kanda ilipokwisha nikatoka na ganzi ya miguu. Kaka alikuwa anafuta macho, akijidai ni vumbi. Mama akamwambia alirudishe lile sanduku chumbani. Kaka akauliza kwa nini. Mama akasema kule kwa Kaka televisheni inasikia, taa zinasikia, kila kitu kinasikia. Huyu hapa hasikii, na akimwacha nani atamtoa nyuma ya televisheni? Kisha akanigeukia. Akasema hajawahi kushindwa na hicho kipanya. Alikuwa ananiita ili aje mtu wa kutazama naye. Sharti lake moja tu: akiniita, nije nikae.

Nimekubali kwa moyo wote. Nimeshinda! Kaka ameondoka na gari tupu!

Jumatatu, 9 Machi

Siku njema. Nimeamka na maneno ya Mama kichwani. Akiniita, nije. Ni kweli, nimekuwa mzembe. Lakini sikiliza: kwa nini mama mzima wa miaka sabini na sita apaze sauti? Rimoti ina kitufe chekundu ambacho hakina kazi. Nikikifundisha, kitapiga kengele chumbani kwangu. Kengele ya kwanza, naitwa. Ya pili, nimechelewa. Na kompyuta itamjibu yenyewe kwa maandishi makubwa kwenye televisheni kwamba ninakuja.

Nimejifungia tangu saa tatu; kazini nimesema jino limerudi. Kengele imekwisha kulia mara moja, ingawa ni jikoni.

Mama ananiita sebuleni. Ameshaweka kanda ya pili, naisikia. Nimemjibu avumilie kidogo tu. Nikimaliza hii, hatahitaji kuniita tena.