Mashine ya Kuoshea Gari la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeamka tajiri. Kichwani tu kwa sasa, lakini yote huanzia humo. Mama mkwe ametuma salamu: Jumamosi anakuja kukagua kiwanja chake, hapa ninapooshea magari. Akikuta biashara imelala, anampa shemeji yangu afuge kuku. Kuku! Shemeji ameshapita na futi kamba, anapima mabanda, ananisalimia kwa sauti ya msibani. Nikamwambia asijisumbue. Mambo ya ndoo na kitambaa basi. Nanunua mashine inayoosha yenyewe. Kazi yangu itakuwa kukaa kwenye kiti na kubonyeza kitufe.

Jumanne, 5 Machi

Nimezunguka madukani mpaka miguu imevimba. Mashine ya kwanza ni handaki zima: gari linaingia chafu, linatokea upande wa pili linang'aa. Nilipotajiwa bei niliomba maji ya kunywa. Ya pili haina brashi, inarusha maji tu, na gari moja linamaliza tangi letu lote. Mke wangu amesema kwa tangi tulilonalo inatutosha pampu ndogo ya presha, yenye chupa ya povu, ambayo vipuri vyake vinapatikana. Mke wangu ni mtu mzuri sana. Hana maono.

Jumatano, 6 Machi

Nimepata! Kituo cha mafuta kilichofungwa kinauza mashine yake. Fremu pana kama goli, brashi tatu za bluu, inatembea kwenye reli. Nafuu! Nilipima urefu, upana, mpaka kimo cha paa letu, nikalipa ije leo hii hii. Mimi si mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mke wangu akauliza inatumia umeme gani. Nikamjibu umeme wa kawaida, kwani kuna mwingine?

Alhamisi, 7 Machi

Kuna mwingine. Fundi umeme alicheka mpaka akakaa chini. Mashine inataka umeme wa njia tatu, sisi tuna njia moja. Shemeji akaja mbio kuuliza kama nauza brashi, asugulie mabanda. Nikameza hasira. Ndipo wazo likaja: njia moja itoke kwetu, ya pili kwa kinyozi jirani, ya tatu kwa fundi cherehani. Fundi umeme akakataa katakata. Nikambembeleza. Akakubali kwa sharti kwamba mimi sikumwona na yeye hakuniona. Jioni brashi zikazunguka! Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Hata mke wangu alitabasamu, ingawa ndoo hakuiweka mbali.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe alifika na gari jeupe aliloachiwa na marehemu baba mkwe, ambalo hamwachii mtu usukani. Nikamwamkia kwa adabu zote, nikamwomba abaki humo ndani, apandishe vioo, astarehe. Nikabonyeza. Povu likashuka, brashi zikalikumbatia gari. Shemeji akaikunja futi kamba yake! Nilifurahi mno.

Halafu kila kitu kikasimama.

Kinyozi! Nilimsihi asizime kitu. Lakini yule bwana ana kawaida yake: hata akitoka kwenda kununua sabuni, anazima swichi kuu kwanza. Na leo ametoka kwenda harusini. Kafunga na kufuli.

Mama mkwe yumo ndani ya povu, brashi imeziba mlango wa kulia, nyingine wa kushoto. Akapiga honi. Honi ile ilikuwa na hasira. Mimi nikawa natafuta karatasi ya maelekezo. Mke wangu akaja na ndoo na kitambaa, akawa anamtuliza mama yake kupitia kioo huku anaosha paa, boneti, mpaka rimu. Mimi na shemeji tukasukuma fremu kwa mabega. Ilipokubali kusogea, gari lilikuwa limetakata, na wapita njia wawili waliokuja kushangaa walikuwa wameenda kuleta magari yao yaoshwe.

Mama mkwe akashuka, akalizunguka gari polepole. Hakunitazama.

"Tangu marehemu atuache, gari hili halijatakata hivi," akasema. "Kiwanja ni cha binti yangu. Kuku watafutiwe pengine. Na wewe, mwanangu, kashike ndoo."

Jumapili, 10 Machi

Nimelala fofofo. Kiwanja kimebaki kwetu! Na ni nani aliyemweka mama mkwe kwenye povu? Mimi. Kesho mke wangu ananunua pampu yake ndogo, mashine inakwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nimekubali yote. Nimeapa mbele yake kwamba nimejifunza.

Na kweli nimejifunza. Kosa langu lilikuwa kufikiria magari madogo. Asubuhi nimeona tangazo: mashine ya kuoshea mabasi, bei ya kutupa, na inakuja na jenereta yake. Umeme nimeuliza safari hii! Ina kasoro moja tu, ni ndefu kuliko kiwanja chetu. Si neno. Ukuta wa kinyozi ni wa mbao, na mwenyewe hajarudi kutoka harusini. Nimeazima futi kamba ya shemeji.