Nyoka Wawili wa Mama Zulekha

Jumatatu, 8 Julai

Mama Zulekha, mwenye nyumba wangu, ameondoka leo asubuhi kwenda Bungoma. Binti yake Zulekha amejifungua mtoto wa kiume, naye anakwenda kumkanda kwa wiki mbili. Mimi ameniachia ufunguo na nyoka wawili.

Nyoka ni wa marehemu mumewe, aliyekuwa akifuga nyoka kwa kibali na kuwaonyesha wanafunzi hapa Kitale. Ni wa kahawia, hawana sumu. Mkubwa anaitwa Bi Mkubwa. Mdogo anaitwa Hakimu, kwa sababu anakutazama kwa muda mrefu bila kusema neno, halafu unajisikia una makosa. Mama Zulekha aliwashika mmoja mmoja kabla ya kuondoka. Alisema mzee hakumwachia kingine kinachopumua.

Masharti: maji safi kila siku. Hakuna udi ndani ya nyumba, unawaumiza mapafu. Hakuna jiko la makaa chumbani kwao. Picha kila asubuhi kwa simu.

Jambo kubwa: chumba cha mbele kiko wazi. Atakaporudi ataamua nani akipate, mimi au Yakub, mpwa wa marehemu, anayetengeneza viatu. Mimi natengeneza simu juu ya meza ya nje, na mvua ya Kitale inanyesha kila siku saa nane. Wiki jana nilikausha simu sita za watu kwenye unga wa mahindi.

Nimechora jedwali la hatari za nyumbani kwa rula. Zimefika ishirini na moja. Nimelibandika ukutani, na picha yake nimemtumia Mama Zulekha.

Jumanne, 9 Julai

Nimeondoa hatari tisa kabla ya chai. Dawa ya panya, nje. Ndoo ya maji isiyo na kifuniko, nje. Soketi iliyolegea, nimeifunga kwa utepe.

Hatari ya kumi ni jirani. Chepkemoi, wa Saboti, anayeuza maziwa na kuishi chumba cha pili, amemwaga mafuta taa kwenye kizingiti chetu tangu ukutani hadi ukutani. Nilimweleza kwamba mafuta taa yanachoma ngozi ya nyoka. Alisema hana ubaya na mimi, lakini hao watu wangu wakivuka hiyo laini watakutana na panga. Nikamwambia hawana hata meno ya kutisha. Akasema ati hata mume wake wa zamani alikuwa anaonekana hivyo.

Tumepatana. Mimi nimeosha kizingiti kwa sabuni, na nitambebea mikebe ya maziwa wiki nzima. Sijui vipi, lakini naona kama nimeshinda.

Jumatano, 10 Julai

Stima imepotea tangu alfajiri. Balbu inayowapasha joto imezimika na sanduku la kioo limekuwa baridi kama kaburi. Hakimu amejikunja hatikisiki.

Mtu mwingine angeleta jiko. Mimi nilikaa chini nikafikiri. Jikoni kuna kile kikapu cha Mama Zulekha, kilichoshonewa kitambaa na sponji ndani, anachowekea sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, iivie humo bila moto. Kikihifadhi githeri kwa saa sita, kitashindwa na nyoka? Nimeweka chupa ya maji moto katikati, nyoka wawili juu yake, nikafunga. Mshono mmoja wa ndani umefumuka kidogo lakini joto kinashika. Hakimu aliniwekea kidevu kwenye saa ya mkononi kabla sijamwingiza. Amenipendeza sana.

Mama Zulekha anataka picha wakiwa kwenye sanduku lao. Nimemtumia ya jana. Si uongo. Ni picha ya kweli, ila ya siku nyingine.

Alhamisi, 11 Julai

Stima imerudi. Nimefungua kikapu. Bi Mkubwa yumo. Hakimu hayumo.

Nimekitikisa. Nimekigeuza juu chini. Nimeona kamba ya mdomo ililegea kama upana wa vidole viwili, kwa hiyo njia aliyopita inajulikana. Nimechora ramani ya nyumba, nimeigawa miraba arobaini, na nimeanza na mraba wa kwanza.

Nikiwa mraba wa tano, Yakub akaingia bila hodi. Alisema amepita tu kusalimia nyoka wa ami yake. Nikamwambia wamelala. Akasema atawaangalia wakilala. Nilimwomba anisubirie kidogo, nikaenda chumbani, nikavua mshipi wangu wa suruali, nikauzungusha nyuma ya jiwe la Hakimu na kuufunika nusu kwa majani makavu.

Yakub aliinama mbele ya kioo muda mrefu. Kisha akasema Hakimu amenenepa, nampa nini? Nikasema ni mapenzi tu.

Nikapiga picha ya mshipi, nikaituma Bungoma. Ripoti: wote wazima.

Ijumaa, 12 Julai

Mama Zulekha amepiga simu. Nilidhani amejua. Kumbe anataka kikapu. Jiko la wakwe liko uani, mbali, na uji wa mzazi unapoa kabla haujamfikia. Derrick, dereva wa lori, anapeleka kabichi Bungoma mchana huu, nimpe yeye.

Nimekipanguza, nimeweka ndani pakiti mbili za unga wa wimbi, nimekifunga kwa kamba mpya. Derrick aliuliza mbona kizito. Nikamwambia ni wimbi. Nilifurahi kukiona kikiondoka, kwa maana ndicho shahidi pekee wa kosa langu.

Msikitini nilimwombea Hakimu. Sikumuuliza imamu kama inafaa. Kuna maswali ambayo mtu haulizi akiwa bado anahitaji jibu zuri.

Ripoti: Hakimu amekunywa maji.

Jumamosi, 13 Julai

Mraba wa thelathini na mbili. Nimefungua kochi kwa chini. Nimepata kijiko, tasbihi ya mzee na kiatu cha mtoto. Hakimu hapana.

Chepkemoi aliniona nikilala kifudifudi na tochi, akaniuliza kama nimepotewa na akili. Nikamwambia ukweli, sikuwa na nguvu za uongo mwingine. Nilitegemea panga. Badala yake alipanda juu ya kiti, akakunja sketi, akaniongoza kutoka huko juu saa nzima. Angalia nyuma ya kabati. Si hapo, kule. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo, kama huyo mtoto alikuwa amekula kabla ya kutoka.

Aliniambia nimpigie Mama Zulekha simu leo leo, maana mwenye ng'ombe ndiye anayejua ng'ombe anakimbilia wapi. Nilimshukuru. Nilimweleza kwamba bado nina miraba minane.

Kwa kweli ninamkumbuka. Ukimshika anakuzunguka mkononi polepole, kama mtu anayesoma. Mama Zulekha aliniambia kwamba mzee alipougua, Hakimu alikuwa akilala ndani ya mkono wa sweta yake. Sweta bado iko msumarini. Nimetazama mkono ule mara nne.

Jumapili, 14 Julai

Saa nne asubuhi nimetuma picha ya mshipi na maneno haya: Hakimu amelala vizuri, amejizungusha kwenye jiwe lake, anakusalimu.

Jibu limekuja baada ya dakika mbili. Picha. Mkono wa Mama Zulekha, bakuli la uji, na Hakimu amejikunja kati ya bangili zake, ananitazama.

Halafu simu ikalia. Sitaandika yote. Hakimu alikuwa ameingia kwenye ule mshono, kati ya kitambaa na sponji, na humo amekaa siku nne, mbili za mwisho akipashwa joto na uji wa mzazi. Leo wageni wamekuja kumwona mtoto. Mama Zulekha alipoinua sufuria, Hakimu naye akatoka kuona mtoto. Mama mkwe wa Zulekha, mama mzito anayelalamikia magoti, alipanda juu ya meza na sinia ya maandazi mkononi, na hakuna andazi lililoanguka. Zulekha amecheka hadi akalia. Ni mara ya kwanza kucheka tangu ajifungue.

Mama Zulekha akauliza hicho kilicho kwenye picha yangu ni nini. Nikasema mshipi. Akauliza wa nani. Nikasema wangu. Akauliza sasa suruali imeshikwa na nini. Nikasema kamba ya katani. Nikasikia mtu anacheka nyuma yake.

Kisha akasema neno lililoniumiza. Kupotea si kitu, Hakimu alimpotea hata mzee mara tatu. Ningemwambia Alhamisi angeniambia mara moja nifungue mshono, kwa sababu mara zote tatu alipatikana kwenye kitambaa chenye joto. Akasema, "Huzaifa mwanangu, hatari zako ishirini na moja ni sawa. Ya ishirini na mbili ni hiyo simu uliyokuwa ukinipigia picha za uongo."

Jumatano, 17 Julai

Nimekwenda Bungoma kumchukua. Nimeona mtoto, ana masikio ya babu yake. Mkwe alinisalimia akiwa mlangoni, mguu mmoja nje.

Derrick alikubali kunirudisha lakini si ndani ya kebini. Alisema nyoka na dereva ni mmoja tu anayeweza kushika usukani. Nimekaa nyuma na makreti matupu, Hakimu kifuani chini ya sweta. Tulipofika Mabanga mvua ikaanza. Nilijikunja juu yake hadi Kitale. Nimefika nimelowa chapachapa. Yeye alikuwa mkavu.

Jumatatu, 22 Julai

Mama Zulekha amerudi. Aliwashika nyoka kwanza, sisi baadaye. Halafu akatuita mimi na Yakub kuhusu chumba.

Kumbe alikuwa amemtuma Yakub siku ile kunikagua. Naye Yakub akamjulisha kwamba amewaona wote wawili kwa macho yake, na kwamba Hakimu amenenepa. Mama Zulekha alisema mmoja wetu aliulisha mshipi na mwingine akausifu afya.

Chumba amempa Chepkemoi. Alisema ndiye pekee katika ua huu aliyemwambia tangu siku ya kwanza kwamba anaogopa nyoka, na akaogopa hadharani.

Yakub alisema mengi, ila hakuna lililosaidia.

Jioni Chepkemoi ameniita. Alisema chumba ni kikubwa kuliko maziwa yake, na meza yangu inaweza kukaa pembeni karibu na dirisha, mradi nisilete wateja wenye matope. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ati amezoea kubebewa mikebe.

Jumapili, 28 Julai

Wiki nzima sijakausha simu hata moja kwenye unga.

Chepkemoi anakwenda Saboti kesho kumwona mama yake kwa siku saba. Ameniachia paka aliyemnunua juzi kulinda maziwa, paka mdogo, mweupe, mwenye tabia mbaya. Alinishika mkono akaniambia nimtumie ukweli mtupu kila asubuhi, hata ukiwa mbaya. Nimemwapia.

Nimechora jedwali jipya, hatari thelathini na nne. Asubuhi nitakuwa na kazi nyingi, kwa hiyo ili kuokoa muda nimeandika ripoti zote saba leo. Ya Alhamisi imenitoa machozi kidogo. Sikujua paka anaweza kuwa na shukrani namna ile.