Mji Mzima Bila Tone la Mvua

Jumatatu, 14 Novemba 2011

Mvua. Siku ya nne. Bologna nzima inanuka makoti mabichi. Nimefura.

Leo Bi Argia, mwenye nyumba ya wageni ya mtaa wetu, katuita mimi na Fausto Lipparini. Anataka mtu wa kudumu wa kutembeza wageni kwa miguu. Mmoja tu! Jumatano kila mtu atapewa mgeni wake, na mgeni ataandika maoni kwenye daftari la mapokezi. Atakayesifiwa zaidi ndiye mwenye kazi. Nikasema basi Fausto aage kabisa. Bi Argia akaniambia nifunge mdomo, na nikimaliza nifunge na zipu ya suruali. Kweli ilikuwa wazi. Fausto kacheka mpaka miwani ikamteleza. Fala yule.

Mama naye hakuniacha nipumue. Nikikosa kazi hii, Ijumaa nakwenda Crevalcore kwa Mjomba Nevio kulisha nguruwe. Nguruwe mia tatu! Mimi, kijana wa mjini, mtu ambaye nusura amalize sekondari! Nusura mara mbili.

Jumanne, 15

Mvua. Fausto kanunua mwavuli mpya, wa njano, unaotosha kufunika harusi. Kapita nao chini ya dirisha letu mara tatu, makusudi. Ana digrii ya historia na hajui jambo hili dogo: mtu wa Bologna habebi mwavuli! Varanda zimefunika njia za miguu karibu mji mzima, nguzo na matao, matao na nguzo. Babu zetu walizijenga, sisi tukatembea wakavu. Kubeba mwavuli hapa ni kwenda kisimani na chupa ya maji.

Hapo akili yangu ikawaka. Mgeni wangu atauona mji wote bila kuguswa na tone moja! Hakuna aliyewahi kuahidi hivyo. Nimechora njia nzima nyuma ya karatasi ya kufungia jibini, kila hatua chini ya dari. Nitamwonyesha Fausto kilichomtoa kanga manyoya.

Mama kauliza, je, uwanja mkuu, ule usio na paa? Nikamwambia mambo ya kitaalamu awaachie wataalamu. Kanichapa na kitambaa cha vyombo.

Jumatano, 16

Mvua ya ndoo. Safi kabisa!

Mgeni wangu ni Bi Geertje. Mholanzi, mwalimu mstaafu, miaka sitini na nane, anasafiri peke yake, mabuti kama ya askari. Kiitaliano chake kinashinda changu, na hilo lilinikera mapema. Nikamwahidi mbele ya Bi Argia kwamba tone likimgusa, nitavua shati langu nimkaushie. Akasema kwao mvua ni jirani, yeye kaja kuona mji. Nikamwamuru aache mwavuli mapokezi. Akauacha, kwa adabu tu.

Kanisa kuu nilimwonyesha kutoka nyuma ya nguzo. Akaomba tuvuke tuingie ndani, ni hatua chache. Nikakataa: hatua zenyewe hazina paa. Akasema anaona nusu ya mlango na njiwa mmoja. Nikamwambia njiwa huyo ni wa kihistoria.

Kisha balaa. Mtaa wa nyuma mafundi wamechimba, wanatengeneza bomba, varanda imekatika. Hatua kumi za mvua! Na wazee watatu, kama kawaida yao, wamesimama wanawatazama mafundi, mikono mgongoni, wanawafundisha kazi ambayo wao hawajaifanya hata siku moja. Mmoja ni jirani yetu, Mzee Amleto. Nilikuwa namweleza Bi Geertje kwamba nguzo ile ya mbao ilisimikwa na Warumi. Mzee Amleto akageuza shingo, mikono palepale: "Warumi gani, we Oreste? Nguzo hiyo waliibadilisha mwaka niliooa!" Wa pili akabisha, akasema ni mwaka uliofuata. Wa tatu akamwuliza Bi Geertje kama analipwa kutembea na mimi. Akacheka! Mgeni wangu! Wakamweleza lile bomba kuanzia kichwa hadi mkia, robo saa nzima, naye anauliza maswali!

Wakaniambia acha maringo, ruka tu, hatua kumi hizo. Sikuruka. Tulizunguka mitaa mitano, dakika arobaini, kukwepa hatua kumi. Ahadi ni ahadi. Bi Geertje akatazama saa yake mara tatu. Nikadhani amevutiwa.

Saa nane tukafika penye Mnara wa Asinelli, mrefu kuliko yote mjini. Kutoka kwenye varanda unaona ghorofa ya kwanza tu, lakini ni ghorofa nzuri. Yeye akataka kupanda juu kabisa, ngazi mia nne tisini na nane. Nikamwambia mimi siwezi. Kila mtu hapa anajua: mwanafunzi akiupanda kabla ya kuhitimu, hahitimu tena maishani. Akauliza nasoma chuo gani. Nikasema bado sijajiunga. Akauliza nitajiunga lini. Nikasema nikimaliza sekondari. Akanitazama kama mwalimu anavyolitazama dawati la nyuma. Kisha akavuta kofia ya koti, akaingia mvuani, akapotelea mlangoni. Matone! Mamia! Niliyaona kwa macho yangu yakimpiga mgongoni.

Saa nzima nyuma ya nguzo. Baridi. Njaa. Hasira. Mara mlango ukafunguka, kikatangulia kutoka nini? Mwavuli wa njano! Halafu Fausto mwenyewe; yeye na digrii yake anapanda hata mara kumi kwa siku. Halafu mgeni wake Mjerumani. Halafu Bi Geertje, chapachapa, mashavu mekundu, anasema mapaa yote ya mji yanang'aa kwa mvua, hajapata kuona kitu kama kile. Fausto akaniita: "Oreste, kaka, umekauka kama mkate wa juzi!"

Wakaenda uwanjani, wote watatu chini ya mwavuli mmoja, wakakatiza uwanja katikati. Mimi nikawafuata ubavuni, varandani, nikipiga kelele tarehe za majengo. Hakuna aliyegeuka ila mbwa.

Alhamisi, 17

Maoni yamesomwa. Bi Argia kayasoma kwa sauti, tena taratibu, mchawi yule. Bi Geertje kaandika: "Kijana ana moyo, na ahadi aliitimiza. Nilikuja kuona mji, akanionyesha dari. Kwa upande wa dari, hana mpinzani."

Nikasema hizo ni sifa. Bi Argia akanipa daftari nisome mwenyewe. Nikasoma. Bado sifa! Kazi kapewa Fausto. Nikamwambia Bi Argia ameuua utalii wa mji huu kwa mkono wake. Akanijibu nguruwe wa Nevio wanasubiri maelezo ya kihistoria. Mtaa mzima umeshajua!

Mama kafunga begi langu bila kunitukana hata mara moja. Hilo liliniuma kuliko yote. Sikulia. Kulikuwa na vitunguu.

Jumamosi, 19, Crevalcore

Mvua imekatika, umekuja ukungu. Nchi bapa kama meza, na meza yenyewe haionekani. Mjomba Nevio kanituma dukani kununua chumvi.

Njiani, nani? Mgeni! Mswidi, peke yake, begi mgongoni, anatafuta kituo cha treni ili aende Modena. Mungu bado ananipenda. Nikamwambia treni ni za wavivu, na mimi ni kiongozi mkuu wa tambarare hii yote. Kwa miguu kuna njia ya mkato mashambani. Nusu saa.

Tumetembea masaa matatu. Sasa amekaa ukingoni mwa mtaro, kafungua ramani, anadai tunaelekea Ferrara, upande mwingine kabisa. Nimemwambia ramani imekosea.