Dawati la Kutoa

Jumatatu, 3 Machi

Wanataka kunifuta! Si mimi, anasema Mkurugenzi, ni dawati tu. Lakini kwenye dawati hilo niko peke yangu, kwa hiyo sijui wakilifuta kitabaki nini. Kiti, labda.

Naandika haya kwa sababu nyumbani hakuna anayenisikiliza. Mimi ni ofisa wa Dawati la Kutoa katika Mfuko wa Akiba ya Vizazi Vijavyo. Serikali inauza madini, fungu moja linatiwa kwenye Mfuko, ili wajukuu wasije wakatulaani. Pana Dawati la Kuingiza na Dawati la Kutoa. Mwaka wa kumi na moja huu, fedha zinaingia tu. Sheria inaruhusu zitoke kwa dharura isiyotarajiwa peke yake, na haijatokea dharura iliyokuwa tayari kujaza fomu yetu. Ina kurasa ishirini na mbili.

Kamati ya Mfuko inakaa Ijumaa. Mkurugenzi anasema lisipofika hata ombi moja, nitapelekwa stoo ya majalada, kule chini. Miaka minne kabla ya kustaafu! Na cheo kinapungua, na mshahara nao.

Bwana Kiyoyozi wa Dawati la Kuingiza alikuja kunipa pole. Tunamwita hivyo kwa sababu chumba chake ndicho pekee chenye baridi. Kabla hajamaliza kunipa pole akauliza kama dirisha langu linafunguka vizuri. Mshenzi. Nilimwambia limekwama.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wazo, nikashangaa limekawia wapi. Kama dharura haiji ofisini, nitaifuata.

Saa nne nilikuwa kituo cha zimamoto. Nikauliza kama gari lao lina hitilafu yoyote. Mkuu wa kituo akasema gari halina hitilafu kwa sababu gari halipo, liliuzwa kama chuma chakavu. Nikamwambia basi aombe. Aliangalia kurasa ishirini na mbili, akaangalia kofia yake, akasema moto ukitokea atanipigia simu.

Saa nane daraja la soko. Lina ufa unaopitisha mkono mzima. Fundi wa barabara akasema yeye haruhusiwi kuomba, anayeruhusiwa yuko likizo ya masomo, na akirudi atakuwa kwenye cheo kingine.

Jioni nikapita kwa dada yangu. Ni mkubwa wangu, anafundisha darasa la tatu, na tangu utotoni hajawahi kuniamini hata nilipokuwa na homa. Alikuwa anakausha madaftari kwenye kamba ya nguo. Nikauliza yamekuwaje. Akasema paa. Mbao zimeliwa na mchwa, bati zimeshikiliwa na matofali, na mvua ikinyesha watoto sitini na mmoja wanahamia upande mmoja wa darasa na yeye anafundishia mlangoni.

Nilimkumbatia. Akaniuliza nina shida gani.

Jumatano, 5 Machi

Shule. Mwalimu mkuu ni mzee mpole, suti moja, sauti ya mtu aliyezoea kuambiwa arudi kesho. Nikamweleza kwamba Mfuko una fedha hata haujui uziweke wapi, na kwamba mimi, aliyeko mbele yake, ndiye mlango wa kutokea. Akasema amekuwa akiandika kuhusu lile paa kila mwaka, miaka tisa, wizarani, wilayani, kila mahali. Anazo nakala zote.

Barua tisa! Zenye tarehe, zenye mihuri ya kupokelewa! Nusura nimbusu.

Dada akanivuta pembeni. Akataka nimwambie ukweli: jambo hili ni kwa ajili ya watoto au kwa ajili yangu? Nikasema kwa ajili ya wote wawili, ndiyo uzuri wake. Akasema wazazi walikuwa wanachangishana wanunue mbao hata za darasa lake tu, fundi yuko tayari kuanza Jumamosi. Je, wasubiri Mfuko au waendelee? Nikamwambia wakijitengenezea wenyewe, dharura itakuwa imekwisha na ombi litakufa. Wasubiri. Siku chache tu. Mimi hapa, ndugu yake wa tumbo moja, nampa neno langu.

Akaenda kumwambia mwalimu mkuu awarudishie wazazi michango yao.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefanya kazi leo kama sijawahi. Kurasa ishirini na mbili nimezijaza kwa mwandiko wangu mzuri, ule wa barua za posa. Barua tisa nimezipanga kwa mwaka, nikazitobolea matundu, nikatia karatasi za rangi katikati. Mbele nimeweka yaliyomo. Juu ya jalada nimeandika kwa wino mwekundu: MIAKA TISA YA TAHADHARI.

Bwana Kiyoyozi alipita akalifunua. Alisoma kurasa mbili. Akatabasamu, akasema ni jalada zuri mno, asingeongeza hata nukta. Hajawahi kunisifu. Wivu huo.

Nyumbani nikamwambia mke wangu kwamba huenda tukapata zulia ofisini. Akauliza kama zulia linalika.

Ijumaa, 7 Machi

Limekataliwa.

Ngoja niandike pole pole. Kamati ilikaa dakika kumi na mbili, tisa zikiwa za chai. Mkurugenzi akatoka ananichekea. Akasema wajumbe wamefurahi sana, hawajawahi kuona ushahidi uliopangwa hivi. Sheria inataka dharura isiyotarajiwa. Na hapa, akagonga jalada langu, kuna barua tisa zenye mihuri zinazothibitisha kwamba kuanguka kwa paa hili kumetarajiwa miaka tisa mfululizo. Laiti mwalimu mkuu angekaa kimya, kungekuwa na la kuzungumza.

Nilisema barua nilizitia mimi. Akasema anajua, na Kamati inanishukuru.

Bwana Kiyoyozi alikuwa mlangoni, anakula biskuti ya Kamati.

Lakini subiri! Dawati langu limeponea chupuchupu! Kwa kuwa limepokea ombi, limelipeleka na limelifunga ndani ya siku mbili, Kamati imeona lina kazi. Wamelibakiza hadi mwisho wa robo mwaka, kwa sharti nilete ombi jingine. Sijui nicheke au nilie. Nilikwenda chooni nikafanya yote mawili.

Dada sijampigia. Habari kama hii inafaa kuambiwa mtu uso kwa uso. Nitakwenda Jumanne. Jumatatu nina kikao.

Jumatatu, 10 Machi

Paa limeanguka.

Saa nne na robo, wakati wa mapumziko. Watoto walikuwa nje, wote sitini na mmoja, wamehesabiwa mara tatu. Dada alikuwa ndani anasahihisha madaftari. Mkono umevunjika mahali pawili na bega limetoka. Mwalimu mkuu ndiye aliyenipigia. Hakunilaumu hata kidogo, alisema tu kwamba alidhani ningependa kujua, na ile sauti yake ilinikata maini.

Nilikimbia kwa Mkurugenzi. Sasa ni dharura! Damu imemwagika! Akanikalisha, akanimiminia maji kwa mkono wake mwenyewe. Akasema ananionea huruma kama ndugu, lakini nifikirie vizuri: ombi lilisema paa litaanguka, na paa limeanguka kama ombi lilivyosema. Hakuna kilichotarajiwa zaidi ya hicho katika historia ya Mfuko. Akaongeza kwamba wajumbe wamesikia na wameridhika kwamba uamuzi wao ulikuwa sahihi.

Nikauliza hizo fedha ni za nini basi. Akasema, kwa upole, ni za watoto. Nikasema hawa nao ni watoto. Akasema hawa wameshazaliwa.

Nimekuwa nikiipigia mihuri sentensi hiyo miaka kumi na moja na sikuwahi kuisikia ikisemwa kwa sauti.

Jumatano, 12 Machi

Hospitali. Dada yuko kitanda cha sita, ana bandeji ngumu mpaka shingoni. Nilimletea maembe. Hakuyagusa.

Nikamweleza yote, hata la barua, hata la dawati kubakizwa, kwa sababu alinitazama mpaka nikasema. Akasikiliza bila kunikatiza. Halafu akasema watoto wa darasa lake walikuja kumwona jana, wakamwuliza habari za zile fedha. Aliwaambia zimewekewa watoto watakaokuja baadaye. Mmoja akauliza hao watakaokuja wanaishi wapi, waende wakawaombe.

Kisha akasema mbao za fundi zingekuwa juu tangu Jumamosi. Alisema hivyo tu. Akageukia ukutani, kwa shida kwa sababu ya bega, na sikuthubutu kumsaidia. Nilikaa nikilia kama mtoto, mbele ya wagonjwa, nikaapa moyoni kwamba fomu ile sitampa tena binadamu yeyote. Nilikuwa namaanisha kila neno.

Ijumaa, 14 Machi

Nilirudi hospitali. Dada alikuwa amelala, au amefumba macho. Nikasimama kando na muuguzi mkuu wa wodi, mama mmoja hodari, miguu imemvimba kwa kusimama. Kwa mazungumzo tu, nikamwuliza kwa nini wanabeba maji kwa ndoo. Akasema pampu. Inazimika katikati ya upasuaji, madaktari wanamalizia kunawa kwa maji ya chupa. Wauguzi walikuwa wamepanga kuchangishana wamlete fundi wiki ijayo.

Nikamwambia asithubutu.

Nikauliza kama amewahi kuandika barua. Kumi na nne! Moja aliiandika kwa waziri. Nakala zote ziko kabatini, zimefungwa kwa utepe. Kumi na nne, na mwalimu mkuu wa watu alikuwa na tisa tu. Sasa naelewa tulipokosea: ushahidi haukutosha.

Fomu ilikuwa kwenye mkoba, bahati tu. Yule mama aliipima mkononi, akasita, akasema hanijui, na pampu ni roho za watu. Atajuaje kwamba mimi ni mtu wa kutegemewa?

Nikamwambia hilo lisimsumbue, si lazima aende mbali. Amsubiri aamke mgonjwa wa kitanda cha sita, amuulize yeye.