Malalamiko Kuhusu Mlango wa Kijani Unaonukuliwa Bila Kukoma

Kwa Ndugu Msimamizi wa Jukwaa la Mtaa Wetu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mitambo yako yote. Mimi sijambo, isipokuwa shingo, ambayo inauma kwa sababu nitakazozieleza hapa chini.

Kwanza nijitambulishe, maana jukwaani unanijua kwa jina la Msahihishaji tu. Ndiyo kazi niliyoifanya huku ugenini hadi nilipostaafu: nilikaa katika chumba cha nyuma cha kiwanda cha uchapaji, kalamu nyekundu mkononi, nikisoma kurasa za watu kabla hazijapigwa chapa. Marehemu baba yako, mwokaji mikate wa pale kona, alinijua nikiwa mtoto. Wewe hukuuona mtaa wetu. Ulizaliwa tukiwa tumekwisha kutawanyika. Kwa hiyo nakushukuru zaidi kwamba umetukusanya sisi wazee, kila mmoja na nchi yake, tukaujenga mtaa upya kwa maneno, nyumba baada ya nyumba.

Nyumba yetu niliiandika mimi, wala sikuiandika kwa kujifurahisha. Siku ya kuondoka nilipandishwa gari moja, mdogo wangu wa kike akapandishwa jingine, na tangu hapo sijui alifikia wapi. Nilijiambia kwamba kama yu hai, ipo siku ataupitia ukurasa wako, ataisoma nyumba yetu na kuitambua. Ndiyo maana nataka kila neno liwe mahali pake. Nyumba iliyoelezwa ovyo haitambuliki hata na aliyezaliwa ndani yake.

Sasa malalamiko yangu ni haya:

1. Katika mchango wangu wa kwanza niliandika kwamba mlango wetu wa mbele ulikuwa wa kijani. Nilikosea, na majirani hawakuchelewa kunirekebisha. Wa kwanza alikuwa Cherehani, yule mshonaji nguo aliyekaa mkabala nasi, ambaye kila alipoinua macho kutoka kwenye mashine yake aliuona mlango wetu. Aliandika: “Kijani gani, mwenzangu? Ulikuwa bluu, bluu ya sare za shule. Nenda kapimwe macho.” Nikakubali. Ushahidi wa mtu aliyekaa mbele ya mlango miaka yote una uzito kuliko wa mtoto wa kuugua ugua kama nilivyokuwa mimi, niliyeshinda kitandani pale sebuleni wenzangu wakicheza nje. Nikasahihisha: bluu. Lakini kabla ya kunisuta, Cherehani alikuwa ameunukuu mchango wangu wote, kuanzia salamu hadi nukta ya mwisho. Kwangu mlango ni bluu. Kwake, ndani ya kile kisanduku cha kijivu cha nukuu, bado ni wa kijani, na juu yake pameandikwa jina langu.

2. Fundi Bomba naye akamnukuu Cherehani akininukuu mimi, ili apate kuandika neno “Kweli.” Mpiga Picha akamnukuu Fundi Bomba akimnukuu Cherehani akininukuu mimi, akaweka uso unaocheka. Sasa visanduku vimetumbukizwa kimoja ndani ya kingine kama sufuria dukani, na maneno yangu yamo katika ile sufuria ndogo kabisa, yamebanwa mpaka herufi zinashuka mojamoja kama watu kwenye ngazi nyembamba. Hiyo ndiyo asili ya shingo kuuma. Mkwe wangu alinikuta nimeegemeza pua kwenye skrini, akauliza baba anatafuta nini humo ndani. Nilimwambia natafuta kosa langu. Akaniletea mto.

3. Nilimwomba Cherehani, kwa adabu kabisa na kwa aya nne, kwamba anapojibu anukuu ule mstari anaoujibu tu. Aliinukuu barua yangu nzima, aya zote nne, na chini yake akaandika: “Nimekusikia.”

4. Usidhani wanaofupisha wana nafuu. Niliandika: “Sisemi kwamba karakana ya seremala ilikuwa chafu, bali vumbi la mbao lilikuwepo.” Fundi Bomba, kwa mkono wa mtu aliyezoea kukata mabomba, alinukuu hivi: “karakana ya seremala ilikuwa chafu.” Watoto wa seremala, ambao sasa ni mababu, hawanisalimii. Mmoja wao amefikia hatua ya kueleza historia ya shule yetu bila kunitaja, ilhali tulikalia dawati moja na yeye ndiye aliyekuwa akiumwaga wino wangu.

5. Wasionukuu kabisa ndio hatari zaidi. Jumapili moja Jirani wa Kona aliandika “Hapana.” Basi, neno hilo tu, halina mkia wala kichwa. Kila aliyekuwa jukwaani aliamini amekanushwa yeye. Mkunga aliomba radhi. Mpiga Picha aliondoa picha. Mimi nilifuta sentensi nzuri kuhusu bomba la maji la mtaani, sentensi ambayo sijaweza kuirudisha ilivyokuwa. Jioni ndipo ilipojulikana kwamba mkewe alimuuliza kutoka chumba cha pili kama amekunywa dawa, naye, simu ikiwa mkononi, akamjibu kwa kuandika.

Kwa hiyo, Ndugu Msimamizi, kunukuu chote ni madhara, kunukuu nusu ni dhuluma, na kutonukuu ni vurugu. Baada ya kutafakari bila hasira naomba yafuatayo.

Anayetaka kuninukuu aniandikie kwanza, akitaja maneno anayoyataka na anakoyapeleka, kama mtu anayeazima ngazi. Nikiyasahihisha maneno yangu, nukuu zake zote zisahihike papo hapo, na kama jibu lake halitalingana tena na nilichosema, nalo libadilishwe, nitasaidia kuliandika. Kitufe cha kazi hiyo kiwe chekundu na kiwe kwangu peke yangu. Na kama mitambo yako haiwezi hayo, basi futa visanduku vyote vya kijivu katika uzi wa nyumba yetu, usibakize hata kimoja, na itangazwe kwamba kuanzia sasa kila mwanachama atajinukuu mwenyewe. Mimi niko tayari kuanza, na nitajinukuu kwa kiasi.

Usinione mtu wa kujikweza. Nawaza jambo moja tu. Nawaza mdogo wangu akifungua ukurasa huo, pengine kwa mara moja tu, na kukuta mlango wa kijani umeandikwa mara nyingi kuliko wa bluu. Atasema hii ni nyumba ya watu wengine, ataufunga na kwenda zake. Sitajua kwamba alipita. Mpiga Picha atakuwa amecheka, Fundi Bomba atakuwa amesema “Kweli,” na mimi nitakuwa nimempoteza mara ya pili kwa neno ambalo nimekwisha kulisahihisha.

Nisalimie mama yako, na umwambie harufu ya mikate yenu nimeiandika vizuri, nayo haijanukuliwa na mtu. Salamu kwa Mkunga, kwa Mpiga Picha, kwa Jirani wa Kona na mkewe, nikitumaini dawa ilinyweka, na kwa watoto wa seremala hata wasipoitikia. Cherehani msalimie pia, ila barua hii usimwoneshe, ataibandika nzima.

Ni mimi, mwenye shingo iliyopinda na nia iliyonyooka,

Msahihishaji

Baada ya kutia sahihi: Nilipofungua jukwaa ili nikutumie barua hii, nilikuta mchango mpya katika uzi wa nyumba yetu, kutoka kwa mtu nisiyemjua. Amemnukuu Mpiga Picha akimnukuu Fundi Bomba akimnukuu Cherehani akininukuu mimi. Visanduku vyote vipo, hata uso unaocheka. Chini yake ameandika hivi:

“Mniwie radhi wakubwa, mimi mgeni hapa. Mlango huo ulikuwa bluu nje na kijani ndani. Baba alipaka ndani kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka kitanda. Majirani wasingeweza kujua, maana ulifungukia ndani, na ukiwa wazi kijani chote kililala ukutani. Huyu aliyeandika kijani aliutazama akiwa kitandani, mlango umefungwa. Majuzi nilisoma mchango unaosema bluu nikaupita, milango ya bluu ilikuwa mingi mtaani kwetu. Leo ndiyo nimekiona hiki kisanduku kidogo. Kaka Mafua, ni wewe?”

Jina hilo sijawahi kuliandika jukwaani. Hata mwanangu halijui.

Kwa hiyo tafadhali puuza namba moja hadi tano, pamoja na kitufe chekundu, na usifute kisanduku hata kimoja, hata kile cha karakana ya seremala. Barua sikuichana kwa kuwa haina kosa la uandishi. Cherehani mfikishie shukrani zangu, na yeye umpe ruhusa ya kuninukuu mpaka atakapochoka.

Mdogo wangu nimemjibu. Nimemnukuu mzima mzima, yeye na wote aliowanukuu, sikupunguza hata mkato, na chini nikaandika neno langu. Cherehani amekwisha kulalamika kwamba jibu langu limemjazia skrini na kwamba anateremka tu bila kuona nilichosema. Mwambie aendelee kuteremka. Liko chini kabisa, nimeandika: “Mimi.”